Rangi ya sakafu ya baraza: ipi itaelewana na nyumba yako?

Wengi wanaojenga huchagua rangi ya sakafu ya baraza mwishoni kabisa, ukuta ukishapakwa na pesa ikiwa imebaki ya kuhesabu. Wanakwenda dukani na picha ya ukuta kwenye simu, wanatafuta marumaru inayofanana nayo, basi. Naona mpangilio huo umegeuzwa. Rangi ya ukuta ndiyo nyepesi kuliko zote kubadilisha: ndoo chache za rangi ya maji, fundi na kijana wake, siku chache za kazi, na nyumba imekuwa mpya. Sakafu haikubali hivyo. Ukishapiga niru nyekundu (ile saruji laini ya kumalizia sakafu) au ukishabandika marumaru nyeusi, utakaa nayo miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo ukuta utapakwa upya mara kadhaa.

Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unafuata mpangilio mwingine: udongo wa kiwanja kwanza, paa la pili, sakafu ya tatu, ukuta mwisho. Nazungumzia baraza la mbele au la nyuma, lililoezekwa au la wazi, liwe la saruji, marumaru, terazo, jiwe au mbao.

Udongo unaingia barazani hata usipoualika

Sakafu ya ndani inalindwa na mlango na kizingiti. Barazani ndipo viatu vinapovuliwa, kuku wanapopita, watoto wanaporudi na miguu ya vumbi, na mvua ikipiga ya upande inarusha matope hadi kwenye ngazi. Masika moja ikipita, sakafu inakuwa na rangi mbili: ile uliyoinunua na ile ya udongo wa kiwanja chako. Kabla ya kuuliza kama sakafu inaendana na ukuta, uliza kama hizo mbili zinaelewana.

Kiambu, Murang'a, Lushoto na sehemu kubwa ya Iringa udongo ni mwekundu, na vumbi lake ni jepesi kiasi cha kuingia kwenye kila tundu la saruji. Kitengela na Athi River kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye soli na kuacha mabonge barazani. Paje na Diani ni mchanga mweupe, ambao hautii doa ila unakwaruza kila kitu kinachong'aa. Maeneo mengi ya Dar es Salaam yana mchanga wa kijivujivu, na huo ndio mpole kuliko yote. Karibu rangi yoyote inaishi nao.

Wekundu wa udongo wa milimani unatokana na oksaidi ya chuma. Unga mwekundu unaouzwa hadiwea kwa ajili ya sakafu nao ni oksaidi ya chuma. Ndiyo maana sakafu nyekundu Lushoto inaonekana safi hata siku ambayo haijapigwa deki, wakati marumaru ya maziwa kwenye nyumba ya jirani inahitaji kufutwa asubuhi na jioni. Vumbi ni lile lile kwenye nyumba zote mbili. Tofauti ni kwamba kwenye moja linafanana na sakafu, kwenye nyingine linapingana nayo.

Kijivu au nyekundu

Hizi mbili ndizo rangi za sakafu ya saruji, na kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida uchaguzi wake mara nyingi ni kati yake.

Kijivu cha saruji tupu hakina gharama ya rangi na hakipauki, kwa kuwa hakuna kilichoongezwa cha kupauka. Kinakubaliana na bati la bluu, la kijani na la kijivu cha makaa bila ubishi. Kwenye mchanga wa pwani kinafaa sana. Udhaifu wake unajitokeza sehemu mbili. Kwanza ni kwenye udongo mwekundu, ambako miezi michache tu inatosha kukipa utando wa rangi ya kutu, na utando huo hauji sawasawa: unakuwa mzito njia ya mlangoni na mwepesi kwenye kona, hivyo sakafu inaonekana chafu hata ikiwa imetoka kusuguliwa. Pili ni pale ukuta unapokuwa wa krimu. Kijivu cha saruji kina ubaridi kidogo, na kikikaa chini ya krimu kinaifanya krimu ionekane ya manjano kuliko ilivyo kwenye kopo. Wenye nyumba wanamlaumu fundi rangi kwamba amechanganya vibaya, kumbe sakafu ndiyo iliyosababisha.

Nyekundu ndiyo sakafu ya nyumba nyingi za zamani, zile za serikali, za reli na za misheni, zilizopigwa polishi mpaka unajiona. Watu wengi wa mjini wameanza kuiona ya kizamani. Mimi naitetea kwa moyo wote. Chini ya paa la kijani au la damu ya mzee, na miti ikiwa karibu, hakuna sakafu ya bei hiyo inayokaa vizuri zaidi. Inatoa joto kwenye ukuta wa krimu, na inaupa hata ukuta mweupe mahali pa kusimama.

Ila uelewe kuwa kuna nyekundu tatu, na fundi anaweza kukutajia moja akafanya nyingine.

Ya kwanza ni oksaidi iliyochanganywa ndani ya saruji ya niru. Hii ndiyo ya kudumu, kwa sababu oksaidi ya chuma haivunjwi na jua wala na ukali wa saruji. Kiasi cha kawaida ni asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa saruji, maana yake kilo 1.5 hadi 2.5 kwa mfuko wa kilo 50. Usipite asilimia 10. Kupita hapo rangi haizidi kukolea, ila sakafu inapungua nguvu. Na usikubali kukadiria kwa macho. Unga upimwe kwa mizani, uchanganywe na saruji ingali kavu mpaka iwe rangi moja, ndipo maji yaingie, na maji nayo yapimwe kwa ndoo ile ile kila mara, kwa sababu mchanganyiko wenye maji mengi hukauka ukiwa mweupe zaidi. Baraza dogo lipigwe lote siku moja. Likilala nusu, kesho yake utaona mstari, na mstari huo hauondoki.

Ya pili ni sakafu ya kijivu iliyopakwa polishi nyekundu. Inapendeza sana wiki ya kwanza. Kisha inahama: inakwenda kwenye soksi, kwenye pindo la kanga, kwenye mkeka. Kwa anayependa kazi ya kupiga polishi kila mara ni sawa, lakini ukiacha miezi miwili utaona kijivu kikichungulia.

Ya tatu ni rangi ya kupaka juu ya sakafu. Siishauri kwa baraza linalotumika. Inabanduka kwanza mbele ya mlango na kwenye ukingo wa ngazi, mahali ambapo kila mgeni anatazama.

Tatizo moja la nyekundu, na la kila rangi iliyokolea ya saruji, ni ukungu mweupe unaotokeza juu wiki au miezi ya mwanzo. Maji yaliyomo kwenye zege yanapanda na chokaa iliyoyeyuka, chokaa inakutana na hewa, inabaki juu kama unga. Kwenye kijivu hautauona. Kwenye nyekundu na nyeusi unaharibu sura yote. Haumaanishi kuwa rangi imekufa. Usugue kwa brashi kavu, ukishindikana tumia siki iliyochanganywa na maji mengi kisha suuza vizuri. Kinga yake ni kuhakikisha chini ya zege kuna nailoni ya kuzuia unyevu, na kumwagilia sakafu mpya sawasawa kwa siku saba bila kuifunika na magunia yanayochuja rangi.

Nyeupe na krimu, dhidi ya nyeusi na makaa

Hapa ndipo dukani panapodanganya zaidi, kwa kuwa dukani hakuna jua.

Marumaru za kijivu cha makaa na nyeusi zimeingia na nyumba za kisasa: ukuta mweupe, bati la makaa, madirisha ya alumini meusi. Kwenye picha inapendeza. Kwenye baraza lililoezekwa, lenye kivuli siku nzima, inapendeza vilevile, mradi usiwe mahali pa udongo mwekundu, maana vumbi la rangi ya kutu juu ya nyeusi linaonekana kuliko hata juu ya nyeupe. Lakini baraza la wazi ni jambo jingine. Sehemu nyeusi inanyonya karibu mwanga wote wa jua unaoipiga, na siku ya jua kali joto lake linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Mtoto hakanyagi hapo bila viatu. Rangi nyeupe safi inarudisha takribani asilimia 80 ya mwanga huo, na saruji mpya ya kijivu takribani asilimia 35 hadi 40. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linasimama utosini kabisa. Ukingo mfupi wa paa hautakulindia sakafu ya wazi wakati huo. Baraza linalotazama magharibi linaumia mwaka mzima, kuanzia saa nane mpaka jua linazama.

Nyeupe nayo ina adha yake. Mwanga ule inaourudisha unakwenda mahali, na mahali penyewe ni machoni mwako. Ukikaa barazani saa sita mchana mbele ya sakafu nyeupe ya wazi utakunja uso mpaka uchoke. Kwenye baraza lenye paa, hata hivyo, jambo hilo hilo linageuka kuwa faida: sakafu ya krimu inarusha mwanga juu kwenye dari, dari inaupeleka dirishani, na sebule iliyoko nyuma ya baraza pana inapata mwanga ambao isingeupata. Nyumba yenye baraza refu na madirisha madogo, ukiiwekea sakafu nyeusi, itawasha taa mchana.

Kwa hiyo nikilinganisha hizo mbili: baraza la wazi, hapana kwa zote mbili, chukua ya kati, kama rangi ya mchanga au kijivu chepesi. Baraza lenye paa na sebule yenye giza, krimu. Baraza lenye paa, sebule yenye mwanga wa kutosha, ukuta mweupe na udongo usio mwekundu, hapo makaa inaruhusiwa.

Usisahau grauti, ile saruji ya kujazia mianya kati ya marumaru. Watu wanachagua marumaru kwa siku tatu na grauti kwa sekunde tatu. Grauti nyeupe kwenye baraza haibaki nyeupe. Inapata rangi ya udongo, na inaipata kwa mabaka. Chagua tangu mwanzo grauti inayokaribia udongo wako: kahawia kwa milimani, kijivu cha mchanga kwa pwani. Na marumaru iwe ya kukwaruza kidogo mguuni, si ya kioo. Kwa nje watengenezaji hupendekeza daraja la R11 la kuzuia kuteleza. Alama hiyo huandikwa kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo, muulize muuzaji. Zinazong'aa zikilowa mvua zinaangusha watu wazima.

Terazo

Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru halisi, ndani ya saruji nyeupe au iliyotiwa rangi, kisha inasagwa kwa mashine mpaka inakuwa laini. Kwa suala la rangi ndiyo inayosamehe kuliko zote, kwa kuwa haina rangi moja. Ina mweupe wa kuelewana na ukuta, ina kahawia au nyekundu ya kuelewana na paa, na vumbi likitua linakuwa tone moja zaidi kati ya matone mengi. Mpe fundi rangi tatu: moja ya msingi inayokaribia udongo, moja ya mawe inayotoka kwenye paa, na moja nyepesi ya kuamsha. Zaidi ya tatu inakuwa kelele. Gharama iko juu ya niru na kelele ya mashine itakuwepo siku kadhaa, ila ni sakafu ambayo wajukuu wataikuta. Kwa sakafu ya wazi usiisage mpaka ing'ae. Iachwe na ukavu kidogo isiteleze.

Mbao: rangi ya leo na rangi ya mwakani

Baraza la mbao limeingia kwenye hoteli za ufukweni na sasa kwenye nyumba za watu. Hapa uchaguzi una mtego, kwa sababu rangi unayoiona kwenye karakana ya seremala haitadumu. Mtiki unatoka ukiwa na rangi ya asali. Mkongo na mninga zina wekundu wa kahawia. Mvule huanza na manjano na kuendelea kukolea. Mbao za paini zilizotiwa dawa zina ukijani kidogo kutokana na shaba iliyomo kwenye dawa. Ziache zote nje bila kupakwa kitu, na baada ya mwaka hivi zote zitakuwa kijivu cha fedha. Jua linavunja kinachoshikilia nyuzi za ubao pale juu, mvua inaosha kilichovunjwa, kinachobaki ni kijivu. Ubao wenyewe haujaoza. Ni ngozi ya juu tu.

Basi linganisha nyumba yako na kijivu hicho, usiilinganishe na asali. Kijivu cha fedha kinakaa vizuri sana na makuti, na ukuta wa chokaa nyeupe, na jiwe la matumbawe. Ndiyo maana kwenye nyumba za ufukweni mbao zilizopauka zinaonekana kama zilizaliwa pale. Kwenye nyumba ya bati jekundu na ukuta wa krimu mjini, kijivu hicho hicho kinaonekana ni uzembe.

Ukitaka kubaki na kahawia, lazima upake, na lazima kinachopakwa kiwe na rangi ndani yake. Vanishi au mafuta yasiyo na rangi yanapitisha jua, na ubao unapauka chini yake huku vanishi ikikatika magamba. Mafuta yenye rangi ya kahawia yanazuia jua, na yanarudiwa kila mwaka au zaidi kidogo bila kukwangua. Nashauri kahawia ya kati. Kahawia iliyokolea sana inashika joto kama marumaru nyeusi, na inaonyesha kila mkwaruzo wa mchanga. Mbao za paini, ule ukijani wake hautafichwa na kahawia nyepesi. Zinataka kahawia nzito kidogo au kijivu kamili. Tanzania ina mtiki wa kupandwa, Longuza na Mtibwa na bonde la Kilombero, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mbao nzuri za baraza lazima zitoke ng'ambo. Karibu na bahari skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana kutu inachora mstari mweusi kwenye mtiki na hakuna mafuta yatakayoufuta.

Zile mbao za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao hazigeuki kijivu, ila hupauka kidogo miezi ya mwanzo kisha zinatulia. Chagua rangi iliyo nyeusi kidogo kuliko unayoitaka, na uzishike kwa mkono juani kabla ya kulipa. Za rangi iliyokolea zinachoma.

Jiwe

Jiwe la Mazeras, linalochimbwa nyuma ya Mombasa, lina krimu, waridi hafifu na kahawia ndani ya shehena moja. Linaelewana na karibu kila paa isipokuwa bluu kali. Kosa linalofanywa ni kulipaka vanishi ya kung'aa, ambayo inalifanya lifanane na plastiki na kuligeuza manjano. Liache kavu.

Paa na sakafu, ana kwa ana

Paa ndilo eneo kubwa la rangi ambalo hutalibadilisha karibuni. Haya ndiyo maoni yangu kwa mapaa yanayoonekana sana:

| Paa | Sakafu ya kwanza kwangu | Ningeepuka | Ukuta unaofuata |
|---|---|---|---|
| Bati la damu ya mzee | Nyekundu ya kahawia, au terazo yenye mawe ya kahawia | Nyekundu angavu ya kushindana na bati | Krimu, rangi ya mchanga |
| Bati la kijani | Nyekundu ya oksaidi | Marumaru ya kijani | Maziwa, krimu nyepesi |
| Bati la bluu | Kijivu cha saruji, terazo nyeupe na kijivu | Nyekundu, manjano | Nyeupe |
| Bati la kijivu cha makaa | Rangi ya mchanga, mbao ya kahawia ya kati | Makaa yale yale chini na juu, kwenye baraza la wazi | Nyeupe yenye joto kidogo |
| Makuti | Saruji nyeupe, mbao iliyopauka, jiwe | Marumaru inayong'aa | Chokaa |

Safu ya damu ya mzee inataka maelezo. Watu wanataka sakafu iwe rangi ile ile ya bati, wanabeba hadi kipande cha bati dukani. Haipatikani, na ikikaribia bila kufika inakuwa vibaya kuliko kama ingekuwa tofauti kabisa, kwa sababu jicho linaona mtu alijaribu akakosa. Shuka hatua moja kamili kuelekea kahawia. Kwa bati la kijani hakuna shida hiyo, kijani na nyekundu zinasaidiana, kila moja inaikoleza mwenzake.

Kuhusu kukolezana huko, kuna Mfaransa mmoja anayestahili kutajwa. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya rangi za nyuzi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi ni hafifu. Alizichunguza akakuta hazina kasoro. Rangi zilizofumwa pembeni yake ndizo zilizokuwa zinazidhoofisha machoni mwa mtazamaji. Mwaka 1839 alichapisha kanuni zake za namna rangi mbili jirani zinavyobadilishana sura, na hadi leo kila sakafu na ukuta vinatii kanuni hizo. Kipande cha marumaru ulichokishika mkononi dukani, chini ya taa nyeupe, kati ya marumaru nyingine mia, hakijakuambia chochote kuhusu kitakavyokuwa chini ya ukuta wako.

Jaribio la vipande

Njia pekee ninayoiamini ni hii. Mwambie fundi akumwagie vipande vitatu au vinne vya sentimita 40 kwa 40, kila kimoja na rangi yake, au nunua marumaru mojamoja za aina unazofikiria. Vilaze barazani penyewe, vigusane na ukuta. Usivisimamishe, sakafu hutazamwa ikiwa imelala, na mwanga unaipiga tofauti.

Vitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Mchana vua viatu ukanyage kila kimoja, ukae hapo kidogo. Utakachoshindwa kukikanyaga wewe, mtoto hatakiweza. Kisha chota konzi ya udongo wa kiwanja chako, usugue juu ya kila kipande kwa kiganja, fagia kwa ufagio wa chelewa, kisha pitisha tambara lenye maji mara moja tu, kama afanyavyo mtu mwenye haraka. Ngoja vikauke. Inama utazame kwa karibu. Kwenye marumaru ya krimu yenye vitundu utaona nukta za kahawia zimekaa kila tundu, na tambara halijazigusa. Kwenye niru nyekundu hutaona kitu. Kwenye nyeusi utaona njia ya tambara, mistari ya vumbi iliyokauka ikifuata mkono ulivyokwenda. Hiyo ndiyo sura ya baraza lako Jumanne ya kawaida, na ndiyo ya kuichagulia rangi.

Mwisho vimwagie maji. Kijivu kinakaribia weusi, nyekundu inakolea mpaka inakuwa kahawia, nyeupe inabaki ilivyo. Kama unaishi mahali pa mvua nyingi, rangi ya kulowa utaiona sana, kwa hiyo iwe unayoipenda nayo.

Nyumba nyingi zimeshapakwa ukuta kabla mwenyewe hajasoma haya yote. Hilo si tatizo kubwa. Chagua sakafu kwa udongo na paa kama kawaida, kisha ukuta ukifika zamu yake ya kupakwa, uusogeze kuelekea sakafu. Kwa sasa, paka ule ukanda wa chini wa ukuta, sentimita 30 au 40 kutoka sakafuni, rangi ya sakafu yenyewe au iliyokolea kidogo zaidi. Matope ya mvua hupiga pale pale, na ukanda huo unaziunganisha rangi mbili ambazo pengine zisingekutana vizuri.

Ningekuwa najenga Iringa na bati la kijani, ningepiga niru nyekundu bila kufikiri mara mbili. Kigamboni na bati la makaa, marumaru kavu ya rangi ya mchanga, grauti ya kijivu. Kitengela, kwenye udongo mweusi, terazo yenye msingi wa kijivu na mawe meupe na meusi. Nungwi chini ya makuti, saruji nyeupe barazani, na mtiki ulioachwa upauke kwenye sehemu ya wazi.

Ukiamua marumaru, nunua zote mara moja na ukague namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kila boksi, kwa sababu toleo likibadilika rangi nayo husogea. Weka maboksi mawili ya akiba stoo. Mwaka ambao moja itapasuka, duka halitakuwa nayo tena.